Hati ya miaka 99: sio ya mkoloni tu, wala sio ya Ujamaa tu

Kampeni ya kodi ya pango la ardhi, ile anayolipa mwenye hati kwa serikali kila mwaka, ikianza, hoja zinazotujia ofisi ya ardhi ni zilezile. Mmoja halipi maana eti hii ni sheria ya mkoloni, mwingine anasema ni mambo ya Ujamaa na Ujamaa uliisha zamani. Wote hawajaisoma, na kwa kweli inachosha.

Ilivyokuwa ni hivi. Mwaka 1895 Mjerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ni ya dola, huku walowezi wakiuziwa mashamba wamiliki milele. Akashindwa vita, Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika, ungedhani atafuta kila alichoacha adui yake, lakini hapana, sheria yake ya 1923 ikaweka ardhi chini ya Gavana, mashamba ya umiliki wa milele yakaachwa yalivyo, na wengine wakawa wanapewa haki ya kukalia, yaani kutumia ardhi kwa muda bila kuimiliki milele, isiyozidi miaka 99. Haki hiyo nayo hakuitunga hapa, aliitoa Nigeria ya Kaskazini kwenye sheria ya 1910, miaka michache tu baada ya kuipiga Sokoto, dola ya Kiislamu ya huko.

Halafu sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni yenyewe ilitaka kuiacha njia hiyo, ilete umiliki wa milele kwa Waafrika pia, na aliyekataa ni Nyerere! Aliona maskini atauza kwa mwenye pesa halafu abaki mpangaji kwao. Ikaja Jamhuri 1962, mamlaka ya Gavana yakaenda kwa Rais, mwaka 1963 umiliki wa milele ukageuzwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na 1969 ukodishaji huo nao ukawa haki ya kukalia, ndiyo hiyo iliyo kwenye hati ya miaka 99. Gavana alitaka nguvu ya kugawa ardhi, TANU ilitaka kuzuia ulanguzi, sheria ni ileile ila nia mbali kabisa.

Na nguvu ile ya juu ya ardhi ikabaki kwa Rais. Tume ya Profesa Shivji, iliyochunguza masuala ya ardhi, ilishauri 1992 ardhi isiwe mikononi mwa Rais, serikali haikukubali, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaja Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mjadala huo ni halali na naona una uzito, lakini ofisi inatekeleza sheria iliyopo.

Sasa utaratibu, tafadhali someni mpaka mwisho. Muhuri wa serikali ya mtaa SIO uhamisho wa milki. Mkishauziana mnafanya mkataba, uthamini, mnalipa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya mauzo) TRA, mnapeleka maombi ya uhamisho kwa Kamishna wa Ardhi, akiridhia mnalipia ushuru wa stempu na kusajili kwa Msajili wa Hati. Hiyo ridhaa hatujaianzisha sisi, kanuni za 1948 zilishasema bila kibali cha Gavana uhamisho hauna nguvu. Kodi ya pango ni kila mwaka, ukichelewa kuna tozo juu yake, ukiendelea unaletewa ilani ya madai, baada ya hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba, na kukiuka masharti ya hati kunaweza kufanya milki ibatilishwe. Kama jina kwenye hati bado ni la aliyekuuzia, ilani inaenda kwake, wewe utakuja kushtuka shauri limeshafika Barazani.