Kujiamini, ndiyo, lakini katika jambo gani?

Nimelisikia tena, safari hii kwa mtoa mada mwenye kipaza sauti: kinamama wenye sindromu ya metaboliki hawabadili mlo kwa sababu hawajiamini. Baada ya dakika chache "hawajiamini" ikageuka kuwa "hawajipendi", na ukumbi ukapiga makofi.

Hali yenyewe niieleze haraka. Si ugonjwa mmoja. Ni mkusanyiko wa vipimo vitano, na vitatu vikiharibika inatosha: kiuno kipana (kwa mwanamke wa huku mara nyingi huhesabiwa kuanzia sentimita 80), presha ya juu kufika 130 au ya chini 85, sukari ya damu ya 5.6 (mmol/L) au zaidi kabla ya kula, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) nyingi, na upungufu wa yale mafuta ya damu yanayoitwa mazuri. Hakuna kinachouma, ila kisukari na maradhi ya moyo viko njiani. Mlo ni sehemu kubwa ya tiba.

Sasa huko kujiamini. Wanaochunguza uhusiano wake na mlo kwa kawaida hawamaanishi mtu anayetembea kifua mbele. Wanamaanisha dhana aliyoieleza Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Stanford, mwaka 1977: imani ya mtu kwamba analiweza jambo fulani, katika mazingira fulani. Siku hizo alikuwa akifanya kazi na watu wanaoogopa nyoka. Hakutaka kujua kama wanajiamini maishani. Aliwapimia kila hatua peke yake: kumsogelea nyoka, kumgusa kwa glavu, kumgusa kwa mkono mtupu, kumwacha atambae mapajani. Na majibu yao yalibashiri vizuri nani angefika hatua ipi.

Mchukue mweka hazina wa kikoba, yule anayewabana wadaiwa sugu mbele za watu. Utamwambia huyo hajiamini? Ukimuuliza ana uhakika kiasi gani wa kukataa sukari kwenye chai, anaweza kujipa 90 kati ya 100. Mpeleke ukweni, mama mkwe ameshampakulia wali wa nazi mara ya pili, anamwambia "kula mwanangu, mbona umekonda", na hapo anajipa 20. Ni mtu yuleyule, wiki ileile. Ukizichanganya namba hizo mbili ukatoa jina moja la "kujiamini", umetupa habari yote uliyokuwa ukiihitaji. Kujithamini nako kuko mbali zaidi: mwanamke anaweza kujiona wa thamani kabisa na bado asiamini kwamba ataweza kupika mchicha kwa mafuta kidogo, mezani wakala bila manung'uniko.

Linaloniudhi zaidi ni hili: Bandura alitenga kuamini kwamba kitendo kina manufaa na kuamini kwamba mimi nakiweza. Semina zetu hufundisha la kwanza hadi linamwagika. Punguza chumvi, presha itashuka. Kinamama wanakubali, tena wengine wangeweza kupanda jukwaani wakaifundisha mada hiyo. Kinachobaki ni la pili: mimi, kwa jiko langu, na nyumba nzima inayokula sufuria moja. (Na pesa, tusisahau. Hakuna imani inayonunua samaki.)

Imani ya namna hiyo hukua zaidi mtu akishalifanya jambo likafaulu, hata dogo. Humsaidia pia kumwona jirani wa hali kama yake akilimudu. Maneno ya kutia moyo yana nafasi yake, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko hayo mawili, na huyeyuka haraka mtu akijaribu akashindwa.

Basi anayependa kusema "jiamini" aendelee tu, ila ataje jambo lenyewe. Amuulize mama huyo ana uhakika kiasi gani, kati ya 0 na 100, kwamba harusini Jumamosi atakunywa maji badala ya soda. Akijibu 30, hana haja ya kuhubiriwa. Jambo lipunguzwe, iwe soda moja badala ya mbili, kisha aulizwe tena.