Mzizi wa aota ukitanuka, moyo haujatanuka

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Mzizi wake ni kipande kifupi cha mwanzo, kutoka kwenye vali (mlango wa damu) hadi pale mshipa unapoanza kunyooka. Hapo ndipo inapochipuka mishipa miwili inayoulisha moyo wenyewe. Kwa mtu mzima, upana wake ukipita milimita 40 hivi, kwa kuangalia pia kimo na jinsia, husemwa kimetanuka. Maana ndiyo hiyo.

Linaloudhi ni neno lenyewe. Unguja na Pemba "moyo umetanuka" kila mtu anaelewa: vyumba vya moyo vimelegea, miguu inavimba, ngazi hazipandiki. Mzizi wa aota ukitanuka, moyo waweza kuwa mzima na mwenyewe asihisi kitu. Na hilo "mzizi" limezidi kutupoteza, kwani mzizi kwetu huzama chini ukanyonya. Huu haunyonyi, unapokea. Shina lingefaa zaidi: pale mkarafuu unapotoka ardhini, ndipo penye unene.

Tena kuna kutanuka na kutanuliwa. Kutanuka hutokea wenyewe, polepole, kwa miaka. Kutanuliwa ni kazi ya mpasuaji: anaikata pete ya vali iliyo nyembamba na kushona kiraka ili vali bandia kubwa zaidi ienee. Kiswahili kinatenganisha mawili haya kwa kiishio cha neno tu, nasi tunakiacha.

Halafu husemwa "huyo alishatengenezwa utotoni". Aliyezaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo yenye tundu kati ya vyumba viwili na njia nyembamba ya kwenda mapafuni, huzibwa tundu na kufunguliwa njia ya kwenda mapafuni, lakini ukuta wa aota ni uleule. Kabla ya upasuaji ulipokea damu ya vyumba viwili, na nyuzi zake za kunyumbuka mara nyingi si timamu, ndiyo maana mzizi huweza kutanuka. Kupasuka kwake ni nadra. Kinachosumbua zaidi ni vipande vya vali ya aota kutokutana, damu ikarudi nyuma. Hofu ya ugonjwa wa Marfan, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha ukuta wa aota, ambako upasuaji huzungumzwa kwenye milimita 50 au hata chini yake, haihamishwi hivihivi kwake.

Basi ukioneshwa karatasi ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) yenye "42", usiharakie kumpa mtu pole ya moyo mkubwa. Muulize imepimwa sehemu gani ya mzizi, na kwa kipimo gani. Kama 39 ya mwaka jana ilipimwa juu zaidi, au kwa siti skeni, bado hakuna aliyeonesha kuwa umekua.