Je, wajua kwa nini vinasaba vya baba huchangia kifafa cha mimba?

Kondo la nyuma hukua kutokana na lile yai lililorutubishwa, si kutokana na mwili wa mama. Nusu ya vinasaba vyake ni vya baba, na tatizo mara nyingi huanzia hapohapo kwenye kondo, miezi mingi kabla ya degedege.

Wiki za mwanzo, seli za kondo hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu ya mama. Seli za kinga za mama ndizo zinazosimamia kazi hiyo. Zina vipokezi viitwavyo KIR, ambavyo husoma alama za HLA-C juu ya seli za kondo. Mama akiwa na KIR za aina ya AA na mtoto akarithi kwa baba aina ya HLA-C iitwayo C2, seli hizo za kinga hupokea amri kali ya kutulia. Mishipa haipanuki vya kutosha. Utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2015, ulithibitisha hatari hiyo kwa wanawake wa Uganda, na ukaonyesha kwamba jeni za KIR zinazowakinga si zilezile zinazowakinga Wazungu.

Kondo lisilopata damu ya kutosha humwaga protini ya sFlt-1, inayoharibu utando wa ndani wa mishipa ya mama. Baada ya wiki ya 20 presha hufika 140/90 au zaidi, na figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Jeni ya sFlt-1, iitwayo FLT1, iko kwenye kromosomu ya 13. Ndiyo maana mimba ya mtoto mwenye kromosomu 13 tatu badala ya mbili huwa na hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo kumtupia mama lawama ni kumwonea. Kliniki, taja kama mama yako au dada yako aliwahi kuugua, na pia kama mama mzazi wa mume aliugua akimbeba yeye, au kama mwanamke mwingine aliyezaa naye aliugua. Kwa mwenye hatari kubwa, daktari huweza kuagiza aspirini ya miligramu 75 hadi 150 kila siku kuanzia wiki ya 12, na inafaa zaidi ikianza kabla ya wiki ya 16. Usijianzishie mwenyewe. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe au ukiumwa chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.