Algoridhimu ya Mitandao ya Kijamii ni Nini?

Algoridhimu ni mfuatano wa maelekezo ambayo kompyuta huyafuata ili kupata jibu. Katika mitandao ya kijamii, swali linalotafutiwa jibu ni moja: mtu huyu aliyefungua simu yake sasa hivi aonyeshwe nini, na kipi kitangulie? Kwa kuwa swali hilo huulizwa upya kwa kila mtazamaji, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaolala chumba kimoja wanaweza kupokea video zisizofanana hata kidogo.

Watengeneza maudhui wengi wanaoanza huamini kwamba mfumo huipa kila video alama ya ubora, au kwamba una watu wake unaowapendelea. Ukweli ni kwamba mfumo hubashiri. Wahandisi wa YouTube walieleza katika andiko lao la mwaka 2016 kwamba kazi hiyo ina hatua mbili: kwanza, video nyingi mno huchujwa hadi zibaki mamia machache zinazoelekea kumfaa mtazamaji, kutokana na aliyoyatazama awali, kisha hizo chache hupangwa kwa kukadiria kila moja itatazamwa kwa muda gani. Muda umepewa uzito kwa sababu nzuri. Kabla ya mwaka 2012, YouTube ilitegemea zaidi idadi ya waliofungua video, na hilo liliwanufaisha waliotumia vichwa vya habari vya kudanganya.

Tumchukue kijana wa Mpunguzi, Dodoma, anayerekodi namna ya kupogoa mizabibu. Akianza kwa muziki, salamu ndefu na ombi la kufuatwa, mkulima aliyetaka kuona mkasi unapita wapi atakuwa ameshapitisha video hiyo kwa kidole, na kwa mfumo, huo ni ushahidi dhidi ya video. Akianza na tawi lenyewe, mkasi ukiwa mkononi, akaonyesha anapokata na macho mangapi (yanapochipukia matawi mapya) anayaacha, mkulima yuleyule atatazama hadi mwisho, pengine atarudia, na huenda akamtumia jirani yake. Vitendo hivyo ndivyo mfumo unavyovisoma. TikTok ilieleza mwaka 2020 kwamba kumaliza video ndefu ni ishara nzito kuliko mtazamaji na mtengenezaji kuwa katika nchi moja, na kwamba idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja katika kupendekeza video. Instagram nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba video inayostahili kupendekezwa huonyeshwa kwanza kwa kundi dogo la watu, wawe wafuasi au la, kisha zile zinazopokewa vizuri zaidi huonyeshwa kwa kundi kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza wasinunue wafuasi, na wasiwashurutishe ndugu wa kundi la WhatsApp kufungua kila video kwa ajili ya kusaidia. Shangazi anayefungua, akabonyeza alama ya kupenda na kutoka baada ya sekunde mbili, amefanya hivyo kwa upendo, lakini mfumo umeona mtu aliyeondoka mapema.

Maelezo ya video, sauti na alama za reli (#) pia husomwa, hivyo kijana wetu aandike waziwazi kwamba anapogoa mizabibu ya Dodoma, badala ya kubandika alama za reli zinazovuma zisizohusiana na kazi yake na kupelekewa watu wasiojali zabibu.

Majukwaa hubadilisha mizani ya ishara hizi mara kwa mara, na anayedai kuwa na siri ya kudumu hastahili kulipwa. Afadhali mtengenezaji afungue takwimu zake mwenyewe: ndani ya YouTube Studio, ukurasa wa mwenye chaneli, upo mchoro unaoonyesha watazamaji walibaki hadi sekunde ipi, na pale mstari unaposhuka ghafla ndipo pa kukata au kurekebisha kabla ya kurekodi video inayofuata.