Usiangalie pH peke yake

Ripoti ya maji ya mgodini ikifika mezani, kitu cha kwanza watu hunionyesha ni safu ya pH, kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Ikisoma 7, wote hupumua. Mimi huenda kwanza kwenye salfeti, kile kinachobaki majini asidi ya mawe ikishazimwa.

Sababu iko kwenye magwangala, yale mawe yanayochimbwa na kurundikwa pembeni kwa kuwa hayana madini ya kutosha kulipia gharama ya kuyasaga. Mengi yana pairaiti, ambayo ni chuma na salfa. Ikiwa ndani ya mwamba haidhuru. Ikishapasuliwa kwa baruti na kuachwa juani na mvuani, huungana na oksijeni na maji, ikatoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha metali kama shaba, zinki na kadmiamu. Kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo hiyo, na maji yakishakuwa makali huiharakisha sana.

Lakini ndani ya lundo lile lile mara nyingi kuna kalsaiti, madini ya kalsiamu kaboneti kama yaliyomo kwenye chokaa, nayo huizima asidi inapozaliwa. Kwa hiyo pH inaweza kutulia kwenye 7 kwa miaka mingi huku salfeti ikipanda mwezi baada ya mwezi. Mwishowe kalsaiti huisha, uwezo wa maji kuhimili asidi hushuka, na pH huporomoka. Kule Iron Mountain, California, uchimbaji ulikoma mwaka 1963, na maji yake yanatibiwa hadi leo. Ndani ya mgodi huo ilipimwa pH ya -3.6.

Arseniki, sumu iliyomo kwenye baadhi ya mawe, ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu haisubiri asidi. Husafiri hata kwenye maji yenye pH nzuri kabisa. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na kiasi hicho hakina rangi wala harufu.

Kwenye visima vilivyo chini ya lundo natazama pia naitreti, chumvi ya naitrojeni. Masalia ya baruti hubaki yamenata kwenye mawe, na mvua huyaosha mapema kuliko kitu kingine. Naitreti ikipanda kisimani, yawezekana maji ya lundo yameshafika. Mashamba na vyoo navyo hutoa naitreti, kwa hiyo kisima cha upande wa juu wa mgodi ni cha lazima. Bila hicho huna cha kulinganisha.

Sampuli yenyewe huharibika kirahisi. Maji ya kupimia metali zilizoyeyuka huchujwa pale pale kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha hutiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo metali hunata kwenye kuta za chupa na maabara italeta namba ndogo za uongo. Chupa ya salfeti haitiwi asidi hiyo. Na tarehe maalumu ya kila mwezi haitoshi: mvua za kwanza baada ya kiangazi huosha kwa mkupuo chumvi zote zilizojikusanya juu ya mawe, ndipo siku hizo nataka mtu awe mtoni.

Mawe nayo hupimwa. Zidisha asilimia ya salfa ya salfidi (salfa iliyoungana na metali, kama kwenye pairaiti) kwa 31.25, upate kilo za kalsiamu kaboneti zinazohitajika kuzima asidi ya tani moja. Mawe ambayo uwezo wake wa kuzima asidi ni pungufu ya hapo huhesabiwa kuwa yatatoa asidi. Yenye zaidi ya mara mbili kwa kawaida hayasumbui. Ya katikati huwekwa maabara na kuoshwa kila wiki. Wiki 20 ndicho kipimo cha chini kilichozoeleka, nami naona ni chache mno kwa mawe yenye kalsaiti, maana jaribio linafungwa kalsaiti ikiwa bado inafanya kazi.

Majibu hayo yanatakiwa kabla lori halijapakiwa. Vumbi la mashimo ya baruti lipimwe, mjiolojia aweke alama, na mawe mabaya yaende katikati ya lundo, yafunikwe na yale yenye kalsaiti na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Yakishamwagwa ovyo, kuyatenganisha tena ni karibu haiwezekani.