Kasi ya Poti Si Uwezo wa Ruta: Kulinganisha Ruta za Zamani na za Kisasa

Wasimamizi wa mitandao hutuuliza mara kwa mara kwa nini ruta yenye poti za gigabiti moja huelemewa na laini ya megabiti 100 tu. Jibu limo ndani ya kasha, wala halionekani kwenye poti.

Tuchukue Cisco 2911, ruta ya kampuni ya Cisco ya kizazi cha ISR G2 (kizazi cha pili cha ruta zake za ISR) kilichotoka mwaka 2009. Poti zake tatu ni za gigabiti kweli, lakini kila pakiti (kipande kidogo cha data) inayoingia hupita kwenye kichakataji kilekile kinachoendesha itifaki za uelekezaji (kanuni za kuchagua njia ya data), kuchuja trafiki na kutafsiri anwani. Mtengenezaji aliipa uwezo wa pakiti 353,000 kwa sekunde; pakiti hizo zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, hiyo ni takribani megabiti 180 kwa sekunde, ilhali poti moja tu ya gigabiti ikijaa pakiti za ukubwa huo hupitisha pakiti karibu 1,488,000 kwa sekunde. Huduma kama kuchuja trafiki na kutafsiri anwani zikishawashwa, mtengenezaji huyohuyo aliipendekeza kwa laini ya megabiti 35. Kwa maoni yetu, namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyostahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Familia ya ISR 4000, iliyoanza kutoka mwaka 2013, iligawa kazi hizo. Programu yake, IOS XE, imejengwa juu ya mfumo endeshi wa Linux, na usafirishaji wa pakiti una viini vyake vya kichakataji, mbali na viini vinavyosimamia itifaki. Kwa hiyo trafiki ikifurika, msimamizi bado anaweza kuingia kwenye ruta na kutoa amri bila kungoja herufi zijitokeze moja moja, kama ilivyokuwa kwenye ruta za zamani.

Mgawanyo huo umewapotosha wengi. Kwenye ruta ya zamani, amri ya show processes cpu huonyesha namba mbili, kwa mfano 92%/85%: ya kwanza ni mzigo wote wa kichakataji, ya pili ni sehemu ya mzigo huo inayotokana hasa na kusafirisha pakiti. Ukitoa amri hiyohiyo kwenye ISR 4331, mojawapo ya ruta za familia ya ISR 4000, utaona asilimia ndogo ya kupendeza hata pale pakiti zinapodondoshwa, kwa sababu inapima upande wa usimamizi peke yake. Upande wa pakiti hupimwa kwa show platform hardware qfp active datapath utilization, amri ndefu lakini isiyokwepeka.

Jambo jingine ni leseni. ISR 4331 ilikuwa ikitoka kiwandani ikiwa imewekewa kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde, na leseni ya kuongeza kasi iliifikisha 300. Kikomo hicho huhesabu jumla ya pande zote mbili, hivyo laini inayopakua megabiti 70 huku ikipakia 40 tayari imekipita, ingawa vifaa vyenyewe havijachoka hata kidogo.

Kadi za kuongezea poti nazo hazihamishiki: zile za aina ya EHWIC zilizomo kwenye 2911 haziingii katika nafasi za kadi za aina ya NIM za kizazi kipya. Msaada rasmi wa 2911 ulikoma mwishoni mwa mwaka 2022, kwa hiyo anayepanga kubadilisha ruta hiyo atoe kwanza amri ya show inventory, inayoorodhesha vipande vilivyomo ndani ya ruta, kisha aweke bajeti ya kila kadi inayotokea kwenye orodha.