Karamu ya Mwisho: mbona wote wamekaa upande mmoja wa meza?

Kama umekulia nyumba ya Wakristo hii picha unaijua, ile ya Yesu na wanafunzi wake mezani. Kwa bibi yangu ilikuwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, fremu ya plastiki ya rangi ya dhahabu, na mimi kila nikiiangalia najiuliza, hivi watu 13 wanakula wote wamebanana upande mmoja na upande wa pili hakuna mtu, kwani ni meza kuu ya harusi?

Kumbe sikuwa mbali sana na jibu. Aliyeichora ni Leonardo da Vinci, kama kati ya 1495 na 1498, pale Milan nchini Italia, na aliichora ukutani kabisa, kwenye chumba cha kulia chakula cha watawa wa Santa Maria delle Grazie. Ina karibu mita 4.6 kwenda juu na 8.8 upana. Sasa piga picha watawa wako chini wanakula, wakiinua macho wanaona meza nyingine kule juu, Yesu katikati. Ni meza kuu kweli, na waalikwa ni wao, mtu akikaa upande wa huku atawapa mgongo wageni.

Ila wachoraji wengi wa kabla yake kuna mtu mmoja walikuwa wanampa upande huo wa huku, Yuda. Castagno kafanya hivyo Florence mwaka 1447, na Ghirlandaio naye 1480, Yuda kakaa peke yake kama mtoto aliyetolewa mbele ya darasa, hata asiyejua kusoma anamwona msaliti ni yule. Leonardo akamrudisha kwa wenzake. Na alikuwa na sababu, maana dakika aliyoichora ni ile Yesu ametoka tu kusema mmoja wenu atanisaliti, hakuna anayejua ni nani, kila mtu karuka anauliza ni mimi au? Ukishamkalisha Yuda pembeni stori imeisha.

Basi mtafute mwenyewe. Wamekaa watatu watatu, angalia kundi lililo kushoto kwa Yesu ukiwa umeitazama picha. Kuna mmoja kajirudisha nyuma, uso wake ndio umeingia kivuli kuliko wote, mkono wa kulia kashika kifuko amekibana (alikuwa mweka hazina, Yohana anasema kabisa yeye ndiye aliyeshika mfuko), na mkono wa kushoto unaelekea sahani ileile ambayo mkono wa Yesu nao unaielekea. Hapo ni Mathayo 26, yule achovyaye mkono pamoja nami. Na karibu na kiwiko chake kuna kikopo cha chumvi kimepinduka, kwenye nakala za zamani ndio kinaonekana vizuri. Nyuma yake Petro kashika kisu, mimi miaka yote nilidhani ni cha mkate, ila ukikumbuka usiku uleule alikata mtu sikio unaelewa kwa nini kiko mkononi mwake. Na yule mlaini asiye na ndevu ni Yohana, si Maria Magdalena kama wengine wanavyodai, siku hizo mwanafunzi kijana ndivyo alivyochorwa.

Shida ya Leonardo alikuwa mtu wa polepole. Kupaka rangi kwenye plasta mbichi lazima uwahi kabla haijakauka, yeye akaamua kupaka kwenye plasta kavu ili apate muda wa kurekebisha, matokeo yake rangi ikaanza kubanduka yeye mwenyewe bado yuko hai. Kuisafisha na kuikarabati mara ya mwisho kulianza 1978 kukaisha 1999, miaka 21!

Na kuna hii, mwaka 1652 watawa walitaka mlango, wakautoboa ukuta palepale katikati, miguu ya Yesu ikaondoka nao. Baadaye mlango ukazibwa ila alama imebaki, ukipata picha halisi ya ule ukuta angalia chini ya kitambaa cha meza, utaona umbo la mlango limeingia mpaka kwenye picha.